Picha Kali Haimrudishi Mtu Kesho

Najua nimekuwa kimya, lakini si mnajua tena msimu wa testi, mtu unapiga msuli mpaka unasahau kula. Sasa zimeisha, na mwenzenu nina jambo limenikaa kooni tangu Jumanne pale vimbwetani.

Ilikuwa hivi. Kuna kaka mmoja wa mwaka wa tatu (wa kompyuta, sio sisi walimu) alikuwa na simu yake kubwa anatuonyesha gemu mpya. Kusema kweli ilikuwa inapendeza. Jasho la mchezaji unaliona, nyasi zinatikisika, jua linapiga kwenye kioo cha gari mpaka unataka kufumba macho. Watu wote "duh, duh". Mie nikamuuliza swali moja tu, umeicheza mara ngapi? Akasema ameimaliza wiki iliyopita. Nikamuuliza, utairudia? Akaniangalia kama vile nimemwambia arudie darasa la saba. "Nirudie ya nini wakati nimeshaimaliza?"

Nikamwambia basi kaka hiyo ni sinema, tena sinema iliyokula bando lako lote la mwezi. Heh! Ugomvi ukaanzia hapo. Rumeti wangu naye, badala ya kunitetea, akaruka upande wa pili na methali yake: "Kizuri chajiuza." Na yule kaka akamalizia kwamba mtu wa kutoka milimani kwenye ukungu atajua nini habari za grafiki. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Ila nikasema moyoni, ngoja nitakaa chini niandike.

Hoja yangu ni fupi. Uzuri wa gemu uko kwenye kuicheza, na kipimo chake ni kama kesho utarudi bila kuitwa. Picha inakufikisha mlangoni, hilo silikatai. Lakini kinachokukalisha ndani ni sheria za mchezo wenyewe, na mtu uliyekaa naye.

Sasa tuanze na hayo ya milimani, maana ndiko nilikojifunzia.

Kwa wasiopajua, kwetu ni Chome, wilaya ya Same, Upare ya kusini. Ukishuka Same mjini kwenye ile barabara kuu ya kwenda Arusha, jua linakuchoma na vumbi linakusalimia. Halafu unapanda gari la milimani, na ukifika juu unatafuta sweta. Juu yetu kuna msitu na kilele cha Shengena, kirefu kuliko vyote Upare, zaidi ya mita 2,400. Mvua ikikolea, barabara inakuwa utelezi mtupu. Ukungu nao ukishuka jioni, nyumba ya jirani huioni. Watoto mmefungiwa jikoni, moto unawaka, mnafanya nini? Mnagombania simu ya mama.

Simu ya mama ilikuwa kitochi, Nokia 1100. Hii simu ilitoka mwaka 2003 na ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, kwa hiyo naamini hata kwenu ilifika. Skrini yake haina rangi, na ina nukta 96 kwa 65 tu. Ndani yake kuna gemu ya nyoka. Nyoka mwenyewe ni mstari, na chakula chake ni nukta. Mchezo huo ulikuwa umeanza kwenye Nokia 6110 mwaka 1997, ulitengenezwa na mhandisi wa Finland anaitwa Taneli Armanto, na sidhani kama alijua kuna watoto Chome watakuja kunyimana usingizi kwa ajili yake.

Hebu fikirieni sheria zake. Nyoka akila anarefuka. Akirefuka nafasi inapungua. Akijigonga, amekufa. Yaani kadiri unavyofanikiwa ndivyo unavyojitengenezea matatizo, mwishowe unakufa kwa shibe yako mwenyewe! Na kila ukifa unajua sababu, hakuna wa kumlaumu. Ndiyo maana mkono unarudi kwenye kitufe kabla hata hujaamua. Mimi na mdogo wangu alama zetu tuliziandika kwa mkaa ukutani jikoni, mama akipaka chokaa tunaandika upya. Hakuna siku hata moja niliyomsikia mdogo wangu akisema, "Dada, huyu nyoka hana magamba."

Mtasema hayo ni mambo ya shida, kwamba tulimpenda nyoka kwa sababu hatukuwa na kingine. Haya, twendeni kwa wenye nacho.

Mwaka 1989 Nintendo ya Japani ilitoa kigemu cha mkononi, Game Boy. Skrini yake ilikuwa ya kijivujivu cha kijani, vivuli vinne basi, hata taa ya ndani haikuwa nayo. Mwaka 1990 Sega wakaja na Game Gear, hiyo ilikuwa na rangi na skrini inawaka. Ukiziweka dukani pamoja, mtoto yeyote atanyooshea kidole ya Sega. Lakini ile ya Sega ilimeza betri sita kwa saa chache tu, wakati Game Boy ilikwenda na betri nne zaidi ya saa kumi. Na Game Boy ilikuwa na Tetris. Mwishoni Game Boy, ukijumlisha na ndugu yake wa rangi aliyekuja baadaye, ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Gear iliishia kama milioni 10 hivi.

Na hiyo Tetris yenyewe mnajua ilianzaje? Alexey Pajitnov aliitengeneza Moscow mwaka 1984 kwenye kompyuta ambayo haikuweza kuchora picha kabisa. Matofali aliyapanga kwa alama za mabano, zile zile tunazotumia kwenye hesabu. Mabano, jamani! Halafu Desemba 2023, kijana wa miaka 13 huko Marekani akacheza Tetris ya Nintendo ya mwaka 1989 mpaka gemu yenyewe ikakwama, ikashindwa kuendelea. Alikuwa mtu wa kwanza kuifikisha hapo. Miaka 34 watu wanairudia, na bado kulikuwa na mahali ambapo mchezaji hajafika. Huyo kijana angeweza kucheza chochote chenye jasho na nyasi, akachagua matofali.

Mfano mwingine ni Minecraft, iliyotoka rasmi mwaka 2011 huko Sweden. Dunia nzima ya mle ndani ni maboksi, hata ng'ombe ni boksi. Mwaka 2023 watengenezaji walitangaza kwamba imeuza zaidi ya nakala milioni 300. Kwa upande wa pili kuna The Order: 1886, ya PlayStation 4, mwaka 2015. Ile ilisifiwa kila kona kwa picha zake, na kila kona ikalaumiwa kwamba ni fupi, unatazama zaidi kuliko unavyocheza, na ukiimaliza hakuna cha kukurudisha. Wazee wetu walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Rumeti wangu, hiyo ndiyo methali yangu, tumelingana.

Kuna mchezo mmoja bado, na huo hauhitaji hata betri. Babu yangu ana bao la kete. La kwake limechongwa vizuri, limeng'aa kwa mikono ya watu, mashimo 32 na kete 64. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuligusa, kwa hiyo tulichimba mashimo yetu nyuma ya nyumba, na kete zetu zilikuwa maharage (mpaka mama alipogundua maharage yanapungua, tukahamia kwenye vijiwe). Mashimo yetu yalipinda, mengine yalijaa maji, lakini bao lilikuwa ni bao. Mnaanza kila mtu na kete 10 chini na 22 mkononi, mnanamua moja moja mpaka zinakwisha, kisha mnaingia kwenye mtaji, na hapo ndipo unapojua mwenzako alikuwa anapanga nini tangu mwanzo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao. Babu akikufunga hasemi neno. Anarudisha kete nyuma hatua mbili tatu, anagusa lile shimo lililokuangusha, anakuangalia. Basi unataka tena.

Ukiliuliza bao la kuchongwa na la kuchimbwa lipi lina grafiki nzuri, jibu liko wazi. Ukiuliza lipi ni tamu zaidi, swali lenyewe halina maana. Utamu uko kwenye kete zinavyozunguka.

Haya, sasa nije kwenye sababu hasa ya mimi kulishupalia jambo hili, maana kuna hela ya watu ndani yake.

Mwaka jana mdogo wangu alikuwa nyumbani baada ya kidato cha nne, anasubiri Januari aende VETA kusomea umeme. Alikuwa na 400,000 aliyoiweka kwa kuuza maharage yake. Akanipigia simu: "Dada, nataka nifungue banda la gemu pale senta. Niongezee kwenye bumu lako ninunue PS4 moja iliyotumika, ipo Same mjini kwa 600,000. Watu siku hizi wanataka grafiki." Mama akachukua simu hapo hapo: "Mwambie mdogo wako, hela ya maharage ndiyo ada yake. Anataka kuipeleka kwenye midoli!"

Nilikaa kimya kidogo, maana wote wawili walikuwa na hoja. Hela ile ikipotea, VETA hakuna, na mtoto wa kiume akikaa Chome mwaka mzima bila shughuli mnajua mwisho wake. Na bumu langu ni chakula changu, si mnajua tena mwisho wa kota tunavyoishi kwa chai na andazi.

Nikamuuliza mdogo wangu maswali matatu. La kwanza, PS4 ikiwa moja watacheza wangapi kwa wakati mmoja? Wawili. La pili, akija mtu leo akacheza gemu ya hadithi, akaimaliza, kesho atakulipa kwa nini? Kimya. La tatu, banda linaishi kwa wanaokuja kuangalia au kwa wanaorudi? Akacheka, "Dada na wewe, umeanza ualimu."

Tukapiga hesabu pamoja. PS2 mbili zilizotumika, 130,000 kila moja. TV mbili za chogo, 50,000 kila moja. Jumla 360,000, na inayobaki ni ya nyaya na benchi. Mimi nikatoa 60,000 ya pedi za akiba. Bumu likapona, na ile hesabu ya kukopa ikafutika.

PS2 ni mashine ya mwaka 2000. Sony waliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, na mpaka leo hakuna konsoli iliyouzwa kuizidi, zaidi ya milioni 155. Ndani yake mdogo wangu aliweka PES 6, ya mwaka 2006. Kwa wasioijua, Konami hawakuwa na haki ya kutumia majina ya timu zote, kwa hiyo Liverpool mle ndani inaitwa Merseyside Red. Wachezaji karibu wote wameshastaafu. Na kwenye TV ya chogo, sura ya mchezaji ni kama viazi vilivyomenywa haraka. Lakini pasi inakwenda unakotaka iende. Ukifungwa unajua ni beki gani ulimvuta vibaya. Mechi moja ni dakika kumi, shilingi 200, aliyefungwa anasimama anampisha mwingine. Hiyo sheria ya mwisho haiko kwenye gemu, imetoka kwa watu wa senta wenyewe, na ndiyo inayofanya mtu aseme, "Zamu yangu itarudi tu, namsubiri huyu huyu."

Mama alikubali kwa sharti moja ambalo niliandika kwa mkono wangu kwenye karatasi la manila nikalituma na gari: sare ya shule haiingii, na mwanafunzi haingii kabla ya saa kumi jioni. Mdogo wangu alilibandika mlangoni.

Niliporudi nyumbani Desemba nikaomba daftari lake. Anaandika jina la kila anayelipa. Nikakaa nalo kama nasahihisha insha. Majina yalikuwa yale yale yanajirudia ukurasa hadi ukurasa. Kuna fundi seremala mmoja, kwa wiki niliyoiangalia, alikuwemo siku tano kati ya sita. Na mtu mzima yule! Anatoka kwenye randa, anapukuta vumbi la mbao, anachukua Merseyside Red.

Krismasi ikaleta mtihani. Mnajua Wapare, mwisho wa mwaka wote tunapanda milimani. Kijana mmoja akaja kutoka Dar na PS4 na TV bapa, akaifunga sebuleni kwao karibu na senta, watu waingie bure. Siku ya kwanza banda la mdogo wangu lilikuwa tupu kabisa. Hakuna hata mtoto. Mdogo wangu akaniangalia, hakusema kitu, mimi nikajifanya naangalia mlima. Siku ya pili hivyo hivyo. Ilikuwa gemu ya hadithi, picha kama filamu, mtu mmoja anacheza na kumi wanatazama. Siku ya tatu wakaanza kuchungulia kwetu wawili watatu. Siku ya nne lile benchi likajaa. Nilimuuliza yule fundi seremala kulikuwaje kule. Akasema, "Kule pazuri. Ila kule mimi ni mgeni tu. Hapa nina deni la mtu."

Nimeyabeba hayo maneno mpaka chuoni.

Sasa niwe mkweli, maana najua yule kaka wa kompyuta atasoma hapa. Yule kijana wa Dar angeleta FIFA na pedi nne, sisi tungelia. Watu wangebaki kule na grafiki zake. Sipingi. Lakini angalieni, hapo pia kilichowabakiza kingekuwa ni mchezo wa kupokezana, picha ingekuwa ni nyongeza. Na picha ina kazi yake. Kwenye chogo letu, timu yenye jezi nyeupe ikicheza mchana, mpira unapotea, watu wanagombana ulikuwa wapi. Lazima uone ili ucheze. Gemu za kutisha nazo bila giza zuri na vivuli hazitishi. Na kuna mtu anayetaka tu kutembea kwenye mji mzuri baada ya siku ngumu, huyo mwacheni atembee. Ninachosema mimi ni mpangilio. Kwanza mchezo, halafu picha imsaidie. Ukianza na picha, mara nyingi hela na muda vinaishia huko huko.

Na kwetu sisi wa bumu hiyo sio falsafa. Call of Duty: Warzone peke yake ilikuwa inafika zaidi ya GB 100 kwenye kompyuta. Fikiria bando hilo! Ndiyo maana hosteli nzima utakuta watu wanacheza PES ya PSP kwenye simu za kawaida kwa ile programu ya PPSSPP. PES ya mwisho ya PSP ni 2014, lakini kuna wajuzi wanaingiza majina ya wachezaji wapya kila msimu, na maisha yanaendelea. Hakuna aliyewalazimisha. Wanaikarabati kama mtu anavyoezeka upya nyumba anayoipenda.

Kwa nini mwanafunzi wa ualimu anaandika haya yote? Kwa sababu darasa nalo lina grafiki zake.

Kwenye TP nilifundisha hisabati kidato cha kwanza. Wiki ya kwanza nilitengeneza chati ya namba chanya na hasi kwenye manila, rangi nne, mistari imenyooka, nikasifiwa. Wanafunzi waliiangalia siku moja, baada ya hapo ikawa sehemu ya ukuta. Wiki ya pili nikaja na visoda vya soda, kumi kwa kila kikundi. Unarusha. Kisoda kikilala uso juu ni chanya moja, kikilala kifudifudi ni hasi moja. Unajumlisha, unaandika, unampa mwenzako. Wa kwanza kufika chanya 20 ameshinda, wa kufika hasi 20 ametoka. Kengele ya mapumziko ilipolia kuna kikundi kilikataa kutoka. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye kwa wiki nzima sikuwahi kumsikia sauti, akaniambia, "Mwalimu, tuachie visoda." Visoda vyenyewe vilikuwa na kutu.

Na sio visoda vyangu tu. Jirani zetu wa mkoa wa Tanga walishuhudia kubwa zaidi. Kati ya mwaka 2017 na 2019 kulikuwa na majaribio ya shindano la Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 3,000 kwenye vijiji kama 170 walipewa tableti, wajifunze wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, miezi 15, bila mwalimu wa kuwasimamia. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10.

Kinachonivutia mimi ni hiki: timu zilizofika fainali zilikuwa tano, na tableti zilikuwa aina moja kwa zote, Pixel C za Google. Kioo ni kile kile, rangi ni zile zile. Tofauti ilikuwa ni kilichowekwa ndani. Na mtoto wa kijijini asiye na mwalimu wa kumwambia "fungua ukurasa wa 12", asipotaka kurudi mwenyewe kesho, tableti inakuwa kioo cha kujiangalia. Mwenzenu niliposoma habari hiyo nilimkumbuka fundi seremala.

Kwa hiyo wadau, mkienda TP mwaka huu, kabla hujanunua manila na kalamu za rangi jiulize lile swali la vimbwetani: utairudia? Wao, wanafunzi, watairudia?

Mdogo wangu sasa yuko VETA tangu Januari, ada ya muhula wa kwanza ililipwa na shilingi mia mbili mbili za senta. Banda analishika binamu yetu. Sio kwamba mambo yote ni mteremko. PS2 moja ilisumbua kusoma CD ikabidi ishuke Same kwa fundi, na umeme ukikatika benchi zima linarudi kwenye bao. Mama bado anaita midoli, ila siku hizi anauliza "midoli imeingiza ngapi?"

Jana usiku binamu ametuma meseji. Hakuna mteja aliyelalamika kuhusu picha. Analalamika yeye, kwamba ile pedi niliyonunua mwaka jana kitufe cha pasi kimelika mpaka alama yake haionekani, anaomba nyingine. Bumu likitoka namtumia.

Haya, kwa leo naishia hapa, kesho nina lekcha saa moja asubuhi. Kaka wa kompyuta, nakusubiri vimbwetani Jumamosi, njoo na pedi yako. Liverpool nachukua mimi.